Masomo Mawili na Namba ya TSC: Mwalimu wa Shule ya Upili Anavyopatikana

Shahada ya elimu ni masomo ya chuo kikuu ya miaka minne yanayomwandaa mtu kufundisha masomo mawili katika shule ya upili. Masomo hayo mawili ndiyo uti wa mgongo wa shahada yenyewe. Hakuna anayehitimu kuwa mwalimu tu. Mtu huhitimu kuwa mwalimu wa Kiswahili na Historia, wa Hisabati na Fizikia au wa Biolojia na Kemia, na jina hilo humfuata tangu anapoomba nafasi ya chuo hadi siku anayostaafu. Kwa kijana wa Majoreni, kijiji cha pwani kilicho baina ya Shimoni na Vanga katika Kaunti ya Kwale, safari hiyo hupitia milango mitatu: alama za kidato cha nne, shahada, na usajili wa Tume ya Huduma kwa Walimu, yaani TSC. Ajira ni mlango wa nne, na kupita ile mitatu ya kwanza hakumhakikishii mtu kuupita huu.

Chuo kabla ya chuo kikuu

Katika vijiji vya Wadigo, Wavumba na Wachifundi wa pwani ya kusini, neno chuo lina maana iliyotangulia ile ya chuo kikuu. Mtoto huenda chuoni kusoma Kurani kabla hajavaa sare za shule. Hukaa jamvini, hufundishwa herufi za Kiarabu na kusomeshwa na maalimu anayewajua wazazi wake na pengine aliwasomesha wao pia. Neno mwalimu lenyewe lina asili ya Kiarabu, na limeingia katika Kiswahili pamoja na elimu hiyo ya dini. Ndiyo maana heshima ya mwalimu ni ya zamani zaidi katika pwani kuliko shule zenyewe.

Tofauti kubwa iko katika idhini. Maalimu wa chuoni hupata idhini kwa mwalimu wake na kwa wazazi wanaomkabidhi watoto wao. Mwalimu wa shule huipata kwa sheria. TSC iliundwa mwaka 1967, ikapewa nguvu za kikatiba na kifungu cha 237 cha Katiba ya mwaka 2010, kisha Sheria ya TSC ya mwaka 2012 ikafafanua kazi zake. Tume hiyo husajili walimu, huwaajiri wale wa shule za umma, huwapandisha vyeo, huwahamisha na huwaadhibu. Sheria hairuhusu mtu yeyote kufundisha shuleni, iwe ya umma au ya kibinafsi, bila kuwa katika daftari la tume hiyo.

Mlango wa kwanza: alama mbili zisizosahaulika

Anayetaka kusajiliwa kwa shahada ya elimu anatakiwa awe na alama ya wastani ya C+ katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na pia C+ katika kila moja ya masomo mawili atakayofundisha. Wengi hulifahamu sharti la kwanza, kwa sababu ndilo linalompa mtu nafasi ya chuo kikuu kwa jumla. La pili ndilo linalowaponyoka. Mwanafunzi anaweza kupata wastani wa B, akaingia chuoni bila taabu, lakini kama Fizikia yake ni C, basi hawezi kusajiliwa kuwa mwalimu wa Fizikia hata akifanya vizuri kiasi gani baadaye.

Tangu mtihani wa mwaka 2023, wastani wa KCSE hupatikana kwa kujumlisha Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi. Mabadiliko hayo yaliwafaa waliokuwa wakivutwa chini na somo moja au mawili. Hata hivyo, mwalimu mtarajiwa hapati nafuu hiyo katika masomo yake ya kufundishia, kwa kuwa huko alama ya kila somo hutazamwa peke yake.

Kwa hiyo safari ya ualimu huanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Katika mfumo wa 8-4-4, unaofikia mwisho wake, mwanafunzi alichagua masomo alipoelekea kidato cha tatu, akiwa na umri wa miaka kama 16. Aliyeacha Historia wakati huo aliacha pia ualimu wa Historia. Katika shule ndogo za mashambani, shule nayo humchagulia: isiyo na maabara ya kutosha wala mwalimu wa Fizikia hailifundishi somo hilo, na mhitimu wake hawezi kulirudisha shuleni kama mwalimu. Upungufu wa walimu wa somo fulani huzaa upungufu mwingine namna hii, kizazi baada ya kizazi. Kiswahili, kwa kuwa ni cha lazima kwa kila mwanafunzi, hakina kikwazo hicho, na ndiyo sababu mojawapo ya wengi kukiunganisha na Historia, Jiografia au elimu ya dini.

Mlango wa pili: nafasi, chuo na karo

Nafasi za vyuo vikuu hugawanywa na KUCCPS, asasi iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Mwanafunzi hujaza machaguo yake mtandaoni, naye hushindanishwa na wenzake kwa alama za kundi la masomo yanayohusiana na kozi anayoitaka. Kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho inafaa asome maelezo ya kozi kwa makini. Shahada ya elimu ya sanaa hushughulikia lugha, historia, jiografia na dini. Ile ya sayansi hushughulikia hisabati na sayansi. Zipo pia shahada za elimu ya watoto wadogo na ya mahitaji maalumu. Shahada ya kawaida ya sanaa au ya sayansi, isiyo na neno elimu, si shahada ya ualimu hata kama masomo yaliyomo yanafanana.

Kwa watu wa Kwale, chuo kikuu cha umma kilicho karibu chenye mafunzo hayo ni Chuo Kikuu cha Pwani mjini Kilifi. Kilianza mwaka 2007 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta na kikapata hati yake mwaka 2013. Anayetoka Majoreni hufuata barabara ya Lunga Lunga hadi Likoni, huvuka kwa feri au kuzungukia Dongo Kundu, kisha huendelea kaskazini kupitia Mtwapa.

Mzazi wa chuo hicho, Kenyatta, ana historia ya pekee katika ualimu wa Kenya. Kabla ya uhuru na miaka michache baadaye, walimu wengi Waafrika wenye elimu ya juu walipitia Makerere, Uganda. Mwaka 1965 kambi ya jeshi la Uingereza iliyokuwa Kahawa, nje ya Nairobi, ilikabidhiwa serikali ya Kenya na kugeuzwa kuwa chuo. Mwaka 1970 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1972 wanafunzi 200 wa kwanza wa shahada ya elimu wakaanza masomo humo. Kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1985. Leo shahada hiyo hutolewa na vyuo vingi, vya umma na vya kibinafsi, na mwombaji anapaswa kuhakikisha kwamba chuo na kozi vyote viwili vimeidhinishwa.

Karo ndiyo inayowakosesha wengi usingizi. Mwaka 2023 serikali ilianza mfumo unaogawa gharama katika sehemu tatu, yaani ruzuku, mkopo, na mchango wa familia, kwa kupima uwezo wa kila nyumba. Mkopo hutolewa na HELB, bodi iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995, na hulipwa baada ya masomo. Juu ya hayo zipo basari za maeneobunge na za kaunti. Kwale ilijulikana kwa mpango wake wa basari na ufadhili uliobeba kaulimbiu ya Elimu ni Sasa, ulioanzishwa baada ya ugatuzi wa mwaka 2013. Familia inayotegemea uvuvi, minazi na mihogo haina hati ya mshahara ya kuonyesha, hivyo maelezo ya kweli na kamili katika fomu ndiyo yanayoamua itawekwa katika kundi gani la malipo.

Miaka minne ndani ya darasa la mhadhiri

Mafunzo ya shahada hii yana mikondo miwili inayokwenda sambamba. Mkondo wa kwanza ni masomo yenyewe ya kufundishia. Mwanafunzi wa Kiswahili husoma isimu, fonolojia, sintaksia, ushairi, riwaya na fasihi simulizi, tena pamoja na wanafunzi wasiokusudia kuwa walimu. Shabaha ni kwamba anayefundisha kidato cha nne ajue mengi kupita kitabu cha kidato cha nne.

Mkondo wa pili ni taaluma ya elimu. Saikolojia huonyesha jinsi mtoto anavyokua na anavyojifunza. Sosholojia na historia ya elimu hueleza shule ilivyo na ilikotoka. Falsafa huuliza elimu ni ya nini. Yapo pia masomo ya mtaala, ya upimaji, ya usimamizi wa shule, ya ushauri nasaha, na ya kuwatambua wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Baina ya mikondo hiyo miwili kuna daraja linaloitwa mbinu za kufundishia, ambalo huwa tofauti kwa kila somo: mbinu za kufundisha ushairi hazimsaidii anayefundisha milinganyo.

Sheria ya watoto nayo ina nafasi yake. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakifanya kuwa kosa la jinai. Mwalimu mtarajiwa hufundishwa njia nyingine za kulea nidhamu, kwa kuwa anayempiga mwanafunzi anaweza kushtakiwa na kufutwa katika daftari la walimu.

Kabla ya kupelekwa shuleni, wanafunzi hufundishana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja husimama mbele ya wenzake kumi au zaidi, hufundisha kwa dakika chache, kisha wenzake na mhadhiri humkosoa: alizungumza na ubao, aliuliza swali akalijibu mwenyewe, aliwasahau waliokaa nyuma.

Mazoezi ya kufundisha

Kisha huja kile ambacho kila mwanafunzi wa elimu nchini hukiita TP. Ni mazoezi ya kufundisha yanayochukua takriban muhula mzima katika shule halisi, kwa kawaida baada ya mwaka wa tatu au karibu na hapo. Wengi huomba shule zilizo karibu na kwao ili waepuke kodi ya chumba.

Mwalimu mwanafunzi huandamana na nyaraka zake. Azimio la kazi huonyesha mada zote za muhula, wiki kwa wiki. Andalio la somo hueleza kipindi kimoja cha dakika 40: lengo lake, hatua zake, vifaa vyake na maswali ya kupima kama wanafunzi wameelewa. Rekodi ya kazi huandikwa baada ya kipindi, na humwonyesha anayekuja baadaye yale yaliyofundishwa kweli. Mhadhiri huja mara kadhaa, mara nyingi bila kutangaza siku, hukaa nyuma ya darasa na kutia alama. Shule nayo huandika ripoti yake.

Ni katika TP ndipo mazingira ya mwalimu yanapogeuka kuwa kifaa. Majoreni imezungukwa na mikoko, na mwalimu wa Biolojia hahitaji mchoro kufundisha jinsi mimea inavyojirekebisha kulingana na makao yake. Aina moja, mchu, huchomoza mizizi myembamba kutoka matopeni ili ivute hewa. Mkoko husimama kwa mizizi ya matao, na mbegu zake huchipua zikiwa bado juu ya mti. Mwalimu wa Jiografia ana bamvua na maji mafu ya kueleza mvuto wa mwezi na jua. Jirani tu, katika vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, kuna mradi wa Vanga Blue Forest unaohifadhi mikoko na kuuza hewa ya kaboni, na humo mna hesabu za asilimia, sayansi na somo la biashara kwa pamoja.

Njia za pembeni

Si kila mwalimu mwenye shahada alipitia mlango wa mbele. Mwenye shahada ya sanaa au ya sayansi iliyo na masomo mawili yanayofundishwa shuleni anaweza kuongeza stashahada ya uzamili ya elimu, ambayo humpa ule mkondo wa pili wa taaluma pamoja na TP. Masharti ya C+ hubaki palepale.

Njia nyingine huanzia katika vyuo vya walimu, ambako stashahada ya ualimu wa shule za msingi imechukua nafasi ya cheti cha zamani cha P1. Kwa miaka mingi walimu wa msingi wamejiendeleza kwa kusoma shahada wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba, huku wakifundisha muhula ukiendelea. Ni njia ndefu na ya kuchosha, lakini mshahara haukatiki. Sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, ilipoanza mwaka 2023, TSC iliwahamishia huko baadhi ya walimu wa msingi waliokuwa na shahada.

Mlango wa tatu: namba

Shahada ikishatunukiwa, mhitimu huomba usajili kupitia mtandao wa TSC. Hutakiwa kuambatisha vyeti vyake vya masomo pamoja na orodha ya alama za chuo, kitambulisho, namba ya kodi, picha, cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, na fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa na daktari. Hulipa ada, na nyaraka zikikubalika hupewa cheti na namba.

Orodha ya alama za chuo husomwa kwa makini, kwa sababu humo ndimo inamoonekana kama mwombaji alisoma vipindi vya kutosha katika kila somo lake na kama alifanya TP. Aliyesoma Tanzania au Uganda hutakiwa kwanza shahada yake itambuliwe rasmi nchini Kenya.

Namba ya TSC ni idhini ya kufundisha. Haina mshahara ndani yake, na hapo ndipo familia nyingi huchanganyikiwa: sherehe ya mahafali imefanyika, namba imetoka, na kijana bado yuko nyumbani.

Mlango wa nne: kazi

TSC hutangaza nafasi kulingana na bajeti na mahitaji ya masomo, na waombaji hupimwa kwa alama. Muda ambao mtu amesubiri tangu ahitimu huhesabiwa, ili waliokaa miaka mingi wasipitwe daima na wapya. Mwenye masomo yenye upungufu wa walimu huitwa mapema kuliko mwenye masomo yaliyojaa watu.

Wakati wa kungoja, wengi hufundisha kama walimu wa BOM, yaani wanaoajiriwa na bodi ya shule na kulipwa kwa michango ya wazazi. Malipo hutegemea uwezo wa shule. Njia nyingine ni uanagenzi wa TSC, ambao ulipanuka sana sekondari msingi ilipoanza. Wanagenzi walilalamika kwamba wanafanya kazi kamili kwa posho, na Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi iliamua kwamba tume haikuwa na mamlaka ya kuwatumia kama wanagenzi walimu waliohitimu na kusajiliwa. Januari 2025 walimu wapatao 46,000 wa kundi hilo waliingizwa katika ajira ya kudumu.

Mwalimu wa shule ya upili mwenye shahada huanzia daraja la C2 katika ngazi za TSC na hupanda kwenda C3 na kuendelea, wakati mwenye stashahada huanzia C1. Mtetezi wake mkuu ni KUPPET, chama cha walimu wa elimu ya baada ya msingi kilichoanza mwaka 1998. Chama kikongwe zaidi, KNUT, kilianzishwa mwaka 1957 na nguvu zake ziko zaidi katika shule za msingi.

Mtoto wa nyumbani akirudi kufundisha

Kwa sehemu kama Majoreni, swali la nani anakuwa mwalimu lina uzito wa pekee. Mwalimu aliyetoka mbali akipangiwa kazi kijijini mara nyingi huomba uhamisho wa kurudi kwao, naye akiondoka, darasa hubaki likingoja mwingine. Aliyezaliwa hapo ana nyumba, ana jamaa, na hana haraka ya kuondoka.

Ana pia lugha. Watoto wa pwani hii huja shuleni na Kidigo, Kivumba au Kichifundi. Viwili hivi vya mwisho ni lahaja za Kiswahili, na ndiyo sababu humtega mwalimu mgeni: mtoto husikika kama anakosea Kiswahili, kumbe anasema kwa usahihi Kiswahili cha nyumbani kwao. Mwalimu anayezijua lahaja hizo humwonyesha mwanafunzi mahali ambapo Kiswahili sanifu kinatofautiana na cha nyumbani, bila kukidharau cha nyumbani.

Mtaala mpya umeusogeza mwanzo wa safari hii nyuma zaidi. Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10, na KCSE ya mwisho ya 8-4-4 inatarajiwa mwaka 2027. Katika sekondari msingi mwanafunzi husoma maeneo tisa ya lazima. Anapomaliza Gredi ya 9 huchagua mkondo mmoja kati ya sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo, na ndani yake masomo matatu ya hiari, pamoja na yale ya lazima kama Kiswahili, Kiingereza na Hisabati. Hivyo mtoto wa Majoreni anayetaka kufundisha Kemia au Historia hufanya uamuzi wake wa kwanza akiwa na miaka kama 15, kabla hajaijua hata shule ya sekondari pevu atakayopelekwa.